Harufu ya Kuungua Garini: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinahusu harufu ya kuungua, na karibu zote zinaeleza harufu ilivyo bila kusema inatokea lini. Kwa fundi, hilo la pili ndilo lenye manufaa zaidi, kwa hiyo nimechagua waliolitaja.

Nikiteremka Kanaba kwenda Kisoro na mzigo, magurudumu ya mbele hutoa harufu kali na pedali ya breki hulegea. Nikipumzika chini, breki hurudi. Je, ninunue pedi mpya? (Dereva wa pikapu, Kabale)

Pedi zikaguliwe, lakini usianzie hapo. Kama pedali ingebaki ngumu huku gari halipunguzi mwendo, ningezilaumu pedi. Pedali inayolegea ikipata moto na kurudi ikipoa huonyesha kwamba mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzijoto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 155, na mvuke unaojitengeneza ndani ya mabomba hubonyea unapokanyaga, nguvu ya mguu isifike gurudumuni. Mwambie fundi ayatoe yote, aweke mapya na kutoa hewa gurudumu moja baada ya jingine. Kuongezea juu ya yale ya zamani hakusaidii. Halafu yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi.

Kwa upande wako, teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, ili injini ilishike gari, na kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uiachie, badala ya kuilalia mteremko mzima. Ukisimama, usimwagie diski za breki maji kama wafanyavyo madereva wengi wa mizigo, kwa sababu chuma chenye moto kikipoozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka.

Ikiwa siku moja gurudumu moja tu litanuka, tena kwenye barabara tambarare, shuku kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) iliyokwama. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa, ulinganishe na ya upande wa pili. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zikishika kutu na vumbi, pedi huendelea kuibana diski hata baada ya kuachia pedali, na pedi mpya zitakazofungwa hapo zitaisha vilevile.

Katika foleni za kupanda mlima hapa Kampala, gari langu hunuka kama karatasi iliyoungua. (Msomaji wa Ntinda)

Hiyo ni klachi, na pengine kosa ni la mguu kuliko la klachi yenyewe. Anayelizuia gari mlimani kwa kucheza na klachi na mafuta huisaga sahani yake bure. Tumia breki ya mkono hadi gari la mbele lisogee. Kujua kama imekwisha, ingiza gia ya nne kwenye barabara nyoofu, kisha kanyaga mafuta: injini ikinguruma juu huku mwendo hauongezeki, sahani imelika. Wenye gari la otomatiki wakague mafuta ya gia, ambayo yakiwa ya kahawia iliyokolea na yananuka kuungua yameharibika.

Harufu ya oili hunijia nikisimama kwenye taa za barabarani, kamwe si nikiwa kasini. Nilibadilisha oili wiki iliyopita. (Jinja)

Ukienda kasi, upepo huiondoa harufu kabla haijakufikia. Oili iliyomwagika wakati wa kubadilisha filta huungua na kuisha yenyewe baada ya siku chache. Ikiendelea, injini ikiwa baridi mulika kwa tochi ukingo wa tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini): gasketi yake hukauka kwa umri, oili ikachuruzikia ekzosi. Gasketi ni ya bei nafuu. Usikubali bolti zikazwe kupita kiasi badala ya kuibadilisha.

Nikiwasha feni ya ndani, nasikia harufu ya plastiki. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila mara, fundi akaweka kipande cha waya, na sasa haikatiki. (Mbarara)

Ondoa waya huo leo, kabla ya kulala. Fyuzi imewekwa ikatike ili waya wa gari usiungue, na sasa kinachoungua ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi usikoona. Rudisha fyuzi ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku (nyekundu ni ya ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30), uache feni bila kuiwasha hadi fundi wa umeme apime mota yake na kukagua soketi, ambayo mara nyingi hukutwa imeyeyuka. Moshi ukitokea barabarani, zima injini na watu wote washuke. Usifungue boneti wazi, maana hewa huchochea moto.

Je, kaveera (mfuko wa plastiki) iliyogandia ekzosi ina hatari? (Gulu)

Hainuki vizuri, basi. Subiri bomba lipoe, uikwangue kwa kijiti. Majani makavu yaliyojazana chini ya gari baada ya kupita njia za vijijini ndiyo yanayoweza kuwasha moto. Hayo yatoe kila ukitoka shambani.