Kwa Nini Dean Auawe na Nondo? Majibu kwa Wapenzi wa "Supernatural"

Tangu tarehe 19 Novemba 2020, siku iliporushwa sehemu ya 327 na ya mwisho ya tamthilia ya "Supernatural" nchini Marekani, barua zinazofika katika safu hii zimekuwa zikizungumzia jambo moja: hatima ya Sam na Dean Winchester, ndugu wawili waliowinda mizimu, mapepo na wanyonya damu kwa misimu 15. Nimechagua zile zenye hoja zilizorudiwa na wengi. Ambaye bado hajaitazama, na angependa kuifikia bila kujua yaliyotokea, namwomba aiweke safu hii kando kwanza.

Swali: Ndugu Mhariri, Dean alikwenda kuzimu akarudi, akapambana na Shetani, na mwishowe akashiriki kumshusha Mungu mwenyewe. Kisha sehemu moja tu baadaye anakufa kwa kuchomwa na nondo ya chuma bandani, akipigana na wanyonya damu wachache. Je, huku si kumvunjia heshima shujaa wetu? Nililia, lakini nililia kwa hasira.

Jibu: Ndugu yangu, hasira hiyo naijua, kwa maana nililala nayo usiku wa kwanza. Nilipoirudia sehemu hiyo, baada ya kuzitazama tena sehemu zote 19 zilizoitangulia katika msimu huo, niliona jambo ambalo machozi yalikuwa yamelificha, na sasa naamini kwamba hakuna kifo kingine ambacho kingemfaa Dean.

Tukumbuke jinsi msimu wa 14 ulivyomalizika, Aprili 2019. Ndugu hawa waligundua kwamba Chuck, yaani Mungu wa tamthilia hii, alikuwa akiyaandika maisha yao kama mtunzi aandikavyo riwaya, akiwatesa na kuwaokoa kwa sababu masaibu yao yalimburudisha. Kumbe kila risasi iliyowapita sikioni, na kila mara mmoja wao alipokufa na kufufuka, palikuwa na mkono uliokuwa na haja ya hadithi kuendelea. Januari 2020 tulionyeshwa maisha yao yanavyokuwa mkono huo ukiondolewa: gari likaharibika, Sam akashikwa na mafua, Dean akaugua meno, na tumbo likamsokota kwa chakula cha aina ile ile aliyoila miaka yote. Wengi tulicheka, kwa kuwa sehemu ile iliandikwa ili kuchekesha, lakini ndani yake mlikuwa na onyo ambalo wachache walilisikia, kwamba mashujaa hawa walikuwa hawajawahi kuishi katika ulimwengu ambamo mwili hudhurika kama miili yetu inavyodhurika.

Tarehe 12 Novemba, Jack, kijana mwana wa Shetani ambaye ndugu hawa walimlea, alipouchukua uwezo wa Chuck, alisema wazi kwamba hatayaingilia mambo ya wanadamu. Hicho ndicho walichokuwa wamekipigania kwa msimu mzima. Basi Dean anapoingia katika lile banda wiki inayofuata, kwa mara ya kwanza hakuna anayemwandikia, na nondo iliyochomoza kwenye nguzo ni nondo tu. Angekufa kwa upanga wa malaika mkuu, au kwa kujitoa mhanga ili dunia isiangamie, tungeshuku kwamba kalamu ya Chuck bado inatembea.

Tena naomba uitazame upya namna anavyokufa, maana hapo ndipo watunzi walipofanya kazi ya uangalifu mkubwa. Hawezi kuanguka, kwa kuwa nondo ndiyo inayomshikilia wima, na hilo linampa dakika za kusema. Anamzuia Sam asiende kutafuta msaada, anamkataza asimrudishe, kisha anamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia katika miaka 15: kwamba usiku ule alipomfuata chuoni, katika sehemu ya kwanza kabisa iliyorushwa Septemba 2005, alisimama nje kwa saa nyingi kwa sababu hakujua mdogo wake angemjibu nini. Sisi tulimwona akiingia kwa kishindo, akimwangusha Sam gizani huku akicheka. Hatukuuona mlango kwa upande wa nje. Mwishoni anamwomba Sam amwambie kwamba ni sawa, na Sam, baada ya kushindwa mara kadhaa, anamruhusu aende. Miaka mingi baadaye, Sam akiwa mzee kitandani, mwanawe anamwambia maneno hayo hayo. Kwangu hapo ndipo tamthilia inapomalizikia. Yanayofuata ni kufunga milango.

Swali: Nimesoma safu yako ya mwezi uliopita ambamo uligusia kwamba ndugu hawa walipoteza kinga yao. Mbona husemi kwamba katika sehemu iliyofuata walirudishiwa bahati na yule mungu mke kule Alaska? Kama bahati ilirudi, nondo ile ilitoka wapi?

Jibu: Hoja yako ina uzito, na siwezi kuipindua yote. Ni kweli kwamba tarehe 30 Januari 2020 tuliwaona wakicheza biliadi katika ukumbi wa Fortuna, huyo mungu mke wa bahati, na wakaondoka na bahati. Ninavyoielewa mimi, bahati na kinga havilingani. Kinga ya Chuck ilitokana na mtunzi ambaye hakutaka wahusika wake wafe kabla ya ukurasa alioupanga. Bahati ni ya mchezaji, humjia leo na kesho ikamkimbia, na aliyeipata Januari hana hati ya kuimiliki hadi uzeeni. Hata hivyo, watunzi walipaswa kulitaja jambo hili walau kwa sentensi moja katika sehemu mbili za mwisho, na kwa kutolitaja walituachia sisi kazi ya kuliziba pengo.

Swali: Malaika Castiel alipomwambia Dean kwamba anampenda, alikusudia mapenzi ya namna gani? Na kwa nini hakuonekana tena katika sehemu ya mwisho, ilhali amekuwa nguzo ya tamthilia tangu msimu wa nne?

Jibu: Kwa asiyekumbuka, Castiel alikuwa amefunga mkataba na Utupu, nguvu inayotawala mahali waendapo malaika na mapepo wakifa, katika msimu wa 14 ili kuiokoa roho ya Jack, na sharti lilikuwa kwamba Utupu utakuja kumchukua siku atakapojiruhusu kuwa na furaha. Kwa hiyo tarehe 5 Novemba, Mauti akiwa nje ya mlango akigonga ili amuue Dean, Castiel hakuwa na silaha nyingine isipokuwa furaha yake mwenyewe, na furaha hiyo akaipata kwa kusema. Kabla ya kulitamka neno lenyewe alieleza kwamba kitu kimoja anachokitaka anajua hawezi kukipata. Mtu hasemi hivyo kuhusu urafiki alionao tayari kwa miaka 12. Najua wapo wasomaji wasiokubaliana nami, lakini mimi nayachukua maneno yake kama yalivyosemwa: ni mapenzi ya mtu aliyependa bila kutarajia kupendwa vivyo hivyo.

Ipo ishara moja katika onyesho hilo ambayo ningependa wote waliolitazama mara moja wairudie. Castiel anauweka mkono wenye damu juu ya bega la Dean ili kumsukuma pembeni, na alama ya kiganja inabaki kwenye koti lake. Septemba 2008, katika sehemu iliyomleta Castiel kwetu kwa mara ya kwanza, Dean alifukuka kaburini akiwa na alama ya kiganja iliyoungua begani, mahali ambapo malaika huyo alimshika alipomtoa kuzimu. Hakuna anayeieleza alama hiyo kwa maneno. Dean anabaki ameketi sakafuni, simu inaita, jina la Sam linaonekana kwenye kioo, naye anauficha uso kwa mikono asiipokee.

Kuhusu kutoonekana kwake, sehemu ya sababu ni janga la korona. Upigaji picha mjini Vancouver ulisimamishwa Machi 2020 zikiwa zimebaki sehemu mbili, ukaanza tena Agosti na kumalizika Septemba, chini ya masharti ya afya yaliyofanya iwe vigumu kuwakusanya waigizaji wengi mahali pamoja. Hilo linaeleza kwa nini mbinguni Dean anapokewa na Bobby, mwindaji mzee aliyekuwa kama baba kwao, peke yake. Lakini halielezi kwa nini Castiel apewe jibu la sentensi moja, kwamba alimsaidia Jack kuitengeneza mbingu upya, na Dean atabasamu tu. Baada ya onyesho la tarehe 5, jambo hilo lilihitaji kujibiwa na Dean kwa kinywa chake, hata kama ni kwa maneno machache akiwa peke yake garini. Janga halikuyazuia maneno. Hili ndilo deni kubwa ambalo tamthilia imeliacha bila kulilipa, na ninalisema nikiwa mmoja wa wanaoutetea mwisho huu.

Swali: Mke wa Sam ni nani? Ni Eileen?

Jibu: Uso wake haukuonyeshwa, tunamwona kwa mbali, nyuma ya Sam na mtoto, akiwa hafifu kama ukungu. Nadhani watunzi walitaka kila mtazamaji amweke amtakaye. Naona walikosea. Eileen, mwindaji kiziwi aliyeigizwa na Shoshannah Stern ambaye mwenyewe ni kiziwi, alipewa nafasi katika moyo wa Sam waziwazi katika msimu huu wa 15, na Sam alizungumza naye kwa lugha ya alama. Alipotoweka pamoja na watu wengine duniani tulimwona Sam akivunjika moyo, kisha tukaelezwa kwamba watu wote wamerudishwa, na jina lake halikutajwa tena. Ingetosha mkono mmoja tu unaotoa ishara kutoka kwenye kile kivuli.

Swali: Mimi ni mama wa kijana wa miaka 16 anayeipenda tamthilia hii. Nimeketi naye kuitazama, nikashtuka kuona Mungu amefanywa adui. Nifanyeje?

Jibu: Shikamoo mama. Wasiwasi wako ni wa haki, na siwezi kumwambia mzazi lipi alikubali nyumbani kwake. Ninachoweza kueleza ni jinsi mhusika huyu alivyojengwa. Chuck aliingia mwaka 2009 kama mwandishi mlevi na mwoga wa riwaya, akatambulishwa kuwa nabii, na ni mwaka 2016 tu ndipo ilipothibitishwa kwamba ndiye Mungu. Sura ya mwandishi haikumwacha hata baada ya hapo. Hotuba zake za msimu wa mwisho ni malalamiko ya mtunzi anayependa maafa kwa sababu yanasimulika vizuri, na kwa maoni yangu watunzi wa tamthilia walikuwa wakijihoji wao wenyewe kwa kuwatesa wahusika wao miaka yote hiyo. Mwulize kijana wako anamwona Chuck kuwa nani. Huenda akakujibu mambo ambayo mimi sikuyafikiria.

Swali: Rafiki zangu hawazungumzi jambo jingine siku hizi. Sijawahi kuitazama. Sehemu 327 nitazimaliza lini, na nianzie wapi?

Jibu: Anzia mwanzo, na ujiwekee lengo la misimu mitano ya kwanza. Eric Kripke, muasisi wa tamthilia, aliipanga kama simulizi ya misimu mitano, na mwisho wa msimu wa tano, uliorushwa Mei 2010, ni mwisho kamili. Usishangae msimu wa tatu kuwa na sehemu 16 tu. Ulikatizwa na mgomo wa waandishi wa Marekani wa mwaka 2007 hadi 2008.

Unapotazama, liangalie gari lao, Chevrolet Impala ya mwaka 1967, kama unavyomwangalia mhusika. Utoto wao wote umo humo: herufi za majina yao zimechongwa, na kiaskari cha plastiki kimekwama ndani ya kisahani cha majivu tangu Sam alipokisukumia humo akiwa mdogo. Katika sehemu hiyo ya Mei 2010, Shetani akiwa ameuteka mwili wa Sam na akimpiga Dean kwa ngumi juu ya gari hilo, mwanga wa jua unampiga machoni, anatazama ndani kupitia dirishani, anakiona kiaskari hicho. Ngumi inasimama hewani.

Swali: Hivi ni kweli kwamba gari analoliendesha Dean mbinguni lina namba tofauti? Mdogo wangu anabisha.

Jibu: Mwambie mdogo wako akisimamishe kipindi pale Dean anapolikuta limeegeshwa. Kibao kinasomeka KAZ 2Y5, namba ya Kansas waliyokuwa nayo mwanzoni, kabla hawajaibadilisha kwa ile ya Ohio walipokuwa wakisakwa.