Maswali ya Wasomaji: Takometa Inayosoma Pungufu

Swali

Mhariri, salamu kutoka Mbale. Ninayo Morris Minor 1000 ya mwaka 1967, yenye injini ya sentimita za ujazo 1098, niliyoirithi kwa marehemu baba. Kiwandani haikuwekewa takometa, yaani kipimo cha mizunguko ya injini kwa dakika, na kwa kuwa mara kwa mara ninapanda nayo hadi Kapchorwa, nilitaka kujua wakati wa kubadili gia bila kubahatisha kwa sikio. Nilinunua takometa iliyotumika, yenye nyaya tatu na isiyo na jina lolote usoni. Fundi aliifunga baada ya kugeuza betri, kwa sababu kifaa hiki kinataka bodi iwe hasi, yaani iungane na upande hasi wa betri, ilhali gari lilikuwa na bodi chanya. Mshale unapanda na kushuka kwa utulivu, lakini injini ikiwa imewashwa bila kukanyagwa mafuta unaonyesha 600, na hata ninapoikaza gia ya tatu mlimani haujawahi kupita 3,400. Fundi anasema injini imechoka, nami naona nguvu bado ipo. Nyuma ya kifaa kuna tundu dogo lenye skrubu ndani yake. Je, niizungushe mpaka isome sawa?

Jibu

Skrubu hiyo iache kwanza, ndugu yetu. Imewekwa pale ili kusahihisha kosa dogo, na kosa lako si dogo: ninashuku kwamba takometa hiyo ilitoka kwenye gari la silinda sita.

Takometa ya umeme haiioni krenki, mhimili mkuu wa injini, ikizunguka, bali inahesabu cheche. Katika injini ya mipigo minne kila silinda hupata cheche moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo injini yako ya silinda nne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko, na ya silinda sita hutoa tatu. Kifaa kilichozoea kugawa kwa tatu kikifungwa kwenye gari lako kitaonyesha theluthi mbili tu za mwendo halisi. Chukua 600 yako uizidishe kwa moja na nusu, utapata 900, mwendo wa haraka kidogo kwa injini iliyotulia lakini wa kawaida kabisa. Kisha izidishe 3,400 vivyo hivyo, utapata 5,100, nayo ndiyo mizunguko ambayo kiwanda kilitaja kuwa injini ya 1098 hufikia nguvu yake ya juu. Yaani ulipokuwa ukidhani kwamba injini inavuta pole pole mlimani, ilikuwa imefika kileleni mwa uwezo wake. Mpaka utakapolirekebisha jambo hili, usiukimbize mshale huo zaidi ya hapo.

Usiniamini kwa maneno matupu, kwa maana kipo kipimo ambacho hakihitaji hata kufungua boneti. Katika gia ya nne krenki na shafti inayokwenda nyuma huzunguka sawasawa, na difu ya asili ya injini hiyo ina uwiano wa 4.22, yaani shafti huzunguka mara 4.22 tairi linapozunguka mara moja. Tia alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, lisukume gari litembee mzunguko mmoja, upime umbali huo chini. Tuseme umepata mita 1.80. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hupita mita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo tairi huzunguka mara 555 na injini takribani mara 2,340. Abiria na asome mwendo kwenye simu yenye ramani ya setilaiti, kwa sababu spidomita za zamani hazitegemeki. Ikiwa takometa itaonyesha karibu 1,560, shauri limekwisha.

Baada ya hapo tazama mgongoni na pembeni mwa kifaa, kwani baadhi yake zina swichi ndogo yenye tarakimu 4, 6 na 8. Ikiwa ipo, isogeze hadi 4. Ikiwa haipo, mpelekee fundi wa redio badala ya fundi wa magari. Ndani mwake kila cheche hugeuzwa kuwa mpigo wa umeme wenye urefu uleule, na mshale huonyesha wastani wa mipigo hiyo. Urefu wa mpigo huamuliwa na kapasita moja pamoja na rezista, basi ukitaka silinda nne zisome kama sita, mpigo urefushwe mara moja na nusu. Kapasita ya maikrofaradi 0.1, kwa mfano, ibadilishwe kwa ya 0.15. Fundi achague ile isiyobadilika thamani kwa joto, kwa maana dashibodi ya Morris iliyoegeshwa juani adhuhuri si mahali pa vitu dhaifu.

Sasa ndipo ile skrubu inapata kazi, na hapa nitakaa kidogo, maana wengi huizungusha kwa kulinganisha na takometa nyingine ambayo nayo hakuna aliyewahi kuipima. Kipimo kizuri kimo ukutani kwako. Umeme wa gridi yetu, unaotoka Nalubaale na mabwawa mengine ya Nile, hupiga mara 50 kwa sekunde. Tafuta transfoma ya redio ya zamani inayotoa volti 12 za mkondo geu; chaja ya simu haifai, kwa sababu hutoa mkondo wa moja kwa moja. Takometa ipate umeme wake kutoka betri ya gari. Waya wake wa ishara uutoe kwenye koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, uuunganishe na upande mmoja wa transfoma kupitia dayodi moja, ambayo hupitisha umeme upande mmoja tu, na upande wa pili wa transfoma uuguse bodi. Mipigo 50 kwa sekunde ni 3,000 kwa dakika, na kwa injini ya cheche mbili kwa mzunguko hiyo ni 1,500. Ukiweka daraja la dayodi nne, ambalo hasi yake ndiyo inayokwenda kwenye bodi, mipigo inakuwa 100 na mshale unapaswa kusimama kwenye 3,000. Rekebisha skrubu kwenye 3,000, kisha urudi kuthibitisha 1,500. Mshale ukikosea chini baada ya kuwa sawa juu, angalia kama hulala kwenye sifuri kifaa kikiwa kimezimwa. Zipo takometa ambazo volti 12 haziziamshi, kwa sababu zimezoea mruko wa volti mia kadhaa unaotokea pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili, zinapofunguka. Kwa hizo itakubidi utumie ile njia ya tairi. Wala usilifanye jaribio hili kwa jenereta wakati umeme umekatika, kwa maana kasi yake hubadilika kila mtu anapowasha pasi.

Neno moja kuhusu betri iliyogeuzwa. Je, fundi aligeuza na nyaya za koili? Koili za zama hizo zina herufi SW upande wa swichi na CB upande wa distribyuta, inayogawa cheche kwa silinda. Bodi ikishakuwa hasi, waya mweupe wa swichi unapaswa kuhamia CB, na ule mweupe wenye mstari mweusi, unaokwenda kwenye distribyuta, uhamie SW. Zisipohamishwa gari litawaka, ila cheche itakuwa dhaifu. Ishara ya takometa hufuata waya wenye mstari mweusi popote ulipo, kwa hiyo herufi zisikudanganye. Dainamo inayochaji betri nayo ilipaswa kuguswa kwa muda mfupi na umeme wa betri kwenye terminali ya F ili iupokee mwelekeo mpya. Kama taa nyekundu ya chaji huzimika unapokanyaga mafuta, hilo lilifanyika.

Swali

Nina Datsun 1200 hapa Masaka. Takometa niliyoongeza husoma vizuri mchana, lakini usiku nikiwasha taa kubwa mshale huruka na kushuka kama 500. Je, kifaa kimeharibika?

Jibu

Huenda ni kizima. Chukua waya mrefu, uunganishe terminali ya bodi ya takometa moja kwa moja na hasi ya betri, kisha uwashe taa. Mshale ukitulia, kosa liko kwenye bodi: waya huo umefungwa pamoja na wa taa kwenye skrubu iliyopakwa rangi au yenye kutu. Kwangua mpaka chuma king'ae, na uipe takometa skrubu yake peke yake. Usipotulia, pima volti kwenye waya wake wa chanya taa zikiwa zimewaka, kwa maana huenda aliyekufungia aliuchukua umeme kwenye waya mwembamba wa swichi ya taa badala ya kwenye fyuzi inayofuata swichi ya kuwashia gari.