Kompyuta inazimika tangu iongezewe RAM na kadi ya grafiki

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na RAM ya gigabaiti 8 na ilifanya kazi bila usumbufu. Niliiongezea kijiti kingine cha gigabaiti 8, cha kampuni tofauti lakini chenye kasi ileile, na siku hiyohiyo nikafunga kadi mpya ya grafiki. Tangu hapo inazimika ghafla nikicheza gemu, na mara nyingine inaleta skrini ya buluu hata ninapoandika barua tu. Nimepiga Windows upya, lakini tatizo liko palepale. Je, kadi ni mbovu?

JIBU: Kadi inaweza kuwa mbovu, lakini maelezo yako yananifanya nishuku kwamba una matatizo mawili tofauti yaliyoingia siku moja. Kuzimika ghafla wakati wa gemu huelekeza kwenye umeme au joto. Skrini ya buluu wakati kompyuta haina kazi nzito huelekeza zaidi kwenye RAM. Kupiga Windows upya kulikuwa mapema mno, kwa sababu Windows iliyowekwa kupitia RAM yenye hitilafu inaweza kuwa na mafaili yaliyoharibika tangu mwanzo.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ndani. Chomoa kijiti kipya cha RAM, kadi ukiiacha mahali pake, na uitumie kompyuta kama kawaida. Skrini ya buluu ikikoma huku kuzimika kwenye gemu kukiendelea, utakuwa umeyatenganisha matatizo hayo mawili.

Kompyuta nayo huacha ushahidi. Katika programu ya Event Viewer, upande wa System, tafuta tukio nambari 41 la Kernel-Power. Wengi wakiliona hukimbilia kununua pawasaplai mpya (kifaa kinachoipa kompyuta umeme), ilhali tukio lenyewe linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Kinachostahili kusomwa ni mstari wa BugcheckCode ulio ndani ya maelezo yake: ukiwa na 0, kwa kawaida Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, kama inavyotokea umeme unapokatika, ukiwa na nambari nyingine, kulikuwa na skrini ya buluu, na nambari hizo zikibadilikabadilika kila mara, RAM ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Kuhusu umeme, tundu la ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) huipa kadi hadi wati 75, soketi ya pini 6 huongeza hadi 75 nyingine, na ya pini 8 hadi 150. Hata hivyo, kadi nyingi za sasa hunyonya umeme kwa mikupuo mifupi inayozidi wastani ulioandikwa kwenye boksi, na pawasaplai isiyoihimili hujikinga kwa kujizima, nawe unaona giza bila ujumbe wowote. Kadi ikiwa na soketi mbili, zipe nyaya mbili tofauti badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili. Usiazime kamwe waya wa pawasaplai nyingine, hata kama unaingia vizuri, kwa kuwa mpangilio wa pini upande wa pawasaplai haufanani kwa kampuni zote na waya usio wake unaweza kuunguza vifaa.

Kuhusu RAM, kasi iliyoandikwa kwenye lebo mara nyingi ni ya XMP, yaani mpangilio unaoiendesha RAM juu ya kiwango chake cha kawaida, na vijiti viwili visivyouzwa pamoja vinaweza kushindwa kuufuata vikiwa pamoja ingawa kila kimoja kinaumudu peke yake. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) uzime XMP, kisha urudishe kijiti kipya; ubao mama ukiwa na matundu manne, aghalabu yanayotakiwa ni la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na kijiti kisukumwe mpaka vibanio vilie. Baadaye washa kompyuta kwa flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM, na uiache ikague usiku kucha. Kosa hata moja halivumiliki: jaribu kila kijiti peke yake, na kama vyote ni safi vikiwa peke yake lakini vinakosea vikiwa pamoja, badilisha vyote viwili kwa jozi iliyofungwa kiwandani.

Draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) ya kadi ya zamani, ikiwa ilikuwapo, iliondoka ulipopiga Windows upya, kwa hiyo hapo huna la kufanya. Ikiwa kadi bado inazima kompyuta baada ya nyaya kurekebishwa na RAM kuthibitishwa, ifunge kwenye kompyuta nyingine yenye pawasaplai ya kutosha. Ikizimika na huko, irudishe kwa muuzaji ndani ya muda wa garantii.