Hamsta na mbwa nyumba moja

Dada wa Umoja, umeuliza hamsta wa mwanao, yule mnyama mdogo kama panya, ataishije salama na mbwa wenu katika nyumba ya vyumba viwili. Mpe chumba asichoingia mbwa, mlango ufungwe kwa komeo. Kizimba kikae juu ya rafu iliyokazwa ukutani kwa skrubu, kwa kuwa mbwa huanza kwa kukiangusha, na kilango hufunguka kikigonga sakafu. Wavu wa kuku haufai kabisa. Tafuta wa matundu ya robo inchi. Jaza maranda sentimita 20 ajichimbie akisikia kubweka, ila yasiwe ya mtarakwa, mafuta yake huwasha mapafu. Usiwakutanishe hata mbwa akiwa mpole: kinachokimbia huamsha silika yake ya kuwinda. Hamsta aking'atwa na mbwa, hata kitundu kidogo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.