Vitabu Vilivyotoka Mdomoni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni msanii gani ambaye kazi yake ya pili imekufaa kuliko ile iliyompa jina? Wangu ni Henry Winkler, mwigizaji wa runinga wa Marekani.

Wengi wanamjua kama Fonzie, kijana wa koti la ngozi na pikipiki katika Happy Days, tamthilia iliyoonyeshwa kwao tangu 1974 hadi 1984. Mimi sijaitazama. Nilikutana naye kwenye kitabu cha mitumba, shilingi 150, kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi, nikingoja mvua ipungue nipande matatu ya kwenda mtaani kwetu Umoja.

Siku hiyo nilikuwa nimeitwa shuleni. Mwanangu wa gredi ya nne, nikaambiwa, ni mvivu na tena mjanja. Ujanja wenyewe ni huu: watoto wakisoma kwa zamu, yeye huwasikiliza wenzake, akaushika ukurasa mzima kichwani, na zamu yake ikifika anaughani bila kukosea. Siku mwalimu aliporuka ukurasa, mtoto alisimama kimya na darasa likamcheka.

Kitabu kile, alichokiandika Winkler na mwenzake, kilimhusu Hank Zipzer, mvulana wa New York, naye wa darasa la nne. Anaambiwa aandike insha kuhusu likizo yake. Maneno hayaji, basi anaunda maporomoko ya Niagara kwa mikono yake, na maji yanafurika darasani. Anaadhibiwa. Ni mwalimu wa muziki anayeng'amua kwamba huyu si mkaidi, ana shida ya kujifunza. Nilisoma kwa Kiingereza usiku, kesho yake nikamsimulia mwanangu kwa Kiswahili. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama Hank yuko kweli.

Yuko, ni Winkler mwenyewe. Wazazi wake, Wayahudi waliokimbia Ujerumani mwaka 1939, walikuwa wakimwita mbwa mjinga kwa Kijerumani. Alipokuwa nyota, waigizaji wakiketi kusoma skripti pamoja, alikwama karibu kila neno. Kwenye usaili alikariri alichoweza, kilichobaki akakibuni papo hapo. Mwanangu mtupu! Alikuwa na miaka 31 mtoto wake wa kambo alipopimwa na kukutwa na disleksia, na baba akajitambua katika maelezo yale yale. Disleksia haigusi akili ya mtu. Kinachomlemea ni kuoanisha herufi na sauti zake. Wangu pia nilimpeleka kupimwa, na ndiyo hiyo.

Vitabu vya Hank vilianza kutoka 2003 na vikafika 17, vyote akishirikiana na mwandishi Lin Oliver. Winkler huzunguka chumbani akisema, Oliver anachapa kwenye kompyuta, halafu wanabishania neno moja moja. Nimesikia watu wakidai kwamba huko si kuandika. Nawakatalia kabisa. Mashairi ya Muyaka, yule malenga wa kale, yaliishi midomoni mwa watu wa Mombasa miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua hajayatia kwenye karatasi, na sijamsikia yeyote akisema si ya Muyaka.

Mwaka 2018 Winkler alipata tuzo ya Emmy kwa kuigiza katika tamthilia ya runinga ya Barry, nami namfurahia kwa dhati. Lakini katika kuigiza alikuwa akiuficha udhaifu wake, na katika vitabu vya watoto akauanika, ili mtoto asiyemjua, hata wa Umoja, ajione ndani yake. Kazi hiyo ndiyo naiona kubwa.

Siku hizi vyombo vikishaoshwa tunaketi na daftari. Mwanangu anasimama, anatembea toka mlangoni hadi dirishani, anasema, mimi naandika. Ni hadithi ya makanga anayetambua kila abiria kwa sauti yake. Tumefika ukurasa wa 23. Juzi niliandika "kwa haraka", akaniambia hapana Mama, huyu makanga hakimbii hivyo, andika "mbio mbio". Tulibishana kidogo, kisha nikafuta.