Maswali ya Wasomaji: Kwa Tanga hadi Kizimkazi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunataka kwenda Unguja, na tungependa kusafiri kwa mashua ya tanga kutoka Fumba, tukipita ghuba ya Menai, hadi Kizimkazi kwa wavuvi. Twende mwezi gani, na huko kuna nini zaidi ya pomboo? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, nendeni wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kwa kuwa upepo huo hutoka upande wa nchi kavu, mashua ikaupokea ubavuni, na kisiwa chenyewe kikaikinga ghuba na mawimbi. Kusi ikivuma, upepo huwa wa mbele. Nahodha hulazimika kupiga bisho, tanga likihamishwa upande huu na huu, na safari ya asubuhi moja huweza kumaliza siku nzima.

Saa ya kuondoka mwachieni nahodha. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mashua iliyochelewa hubaki mchangani hadi maji yarudi. Mkimwona baharia akifua maji kwa dumu lililokatwa, macho yake yakiwa kwenye tanga, msiwe na hofu: mashua ya mbao huvuja kidogo.

Kizimkazi ina sehemu mbili, Mkunguni na Dimbani. Mimi ningeshukia Dimbani, kwa ajili ya msikiti ambao kwa nje ni wa kawaida mno, na sehemu yake kubwa ilijengwa upya karne ya 18, lakini kwenye mihirabu yake kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, miongoni mwa ya kale kabisa katika pwani yetu. Ombeni ruhusa kwanza, nawe ujitande mtandio.

Pomboo hao waliwahi kuwindwa wawe chambo cha papa, hadi miaka ya 1990. Leo wanalisha familia nyingi wakiwa hai. Inaniuma kuona boti za injini zikiwazingira kwa wingi, nami nawasihi mkatae kuwafukuza.

Laleni huko usiku mmoja, ili asubuhi muwepo ufukweni ngalawa zinaporudi. Samaki hunadiwa papo hapo, na mkitaka changu wa kuchoma, wahini kabla wachuuzi hawajajaza vikapu vyao.