Harufu ya gundi kwenye pombe: kasoro au utamu?

Swali: Shikamoo Bibi. Shemeji yangu hukeneka pombe kali ya molasi nyumbani, yaani huichemsha na kukinga mvuke wake uliopoa. Inayotangulia kutoka hunuka gundi, na ya mwisho hunuka kama mbwa aliyelowa. Mimi naona imeharibika. Yeye na wenzake wanasema hiyo ndiyo pombe yenyewe, na kwamba ya dukani haina uhai. Nani yuko sahihi? Tena anasema ukiiwasha ikatoa moto wa bluu, basi ni salama. Ni kweli?
— Mwenye pua kali

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kupima vinywaji, na mabishano ya namna hii nimeyasikia sana. Wewe na shemeji yako mnanusa vitu vilevile; mnachopishana ni kiasi gani kinafaa kubaki.

Harufu ya gundi ni ethili asetati. Inachemka kwenye nyuzi 77 za Selsiasi, chini kidogo tu ya ethanoli, ile alkoholi yenyewe inayolevya. Mwenzake ni asetaldehidi, yenye harufu ya tufaha bichi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 20 hivi. Mwishoni huzidi alkoholi nzito kama ya isoamili, inayochemka kwenye nyuzi 131. Hizi hutengenezwa na hamira inapovunja amino asidi. Ila usidhani zinatoka kwa zamu. Katika mtambo mdogo zinachanganyika njia nzima, na kazi ya mkenekaji ni kuamua aanze kukinga wapi na aache wapi. Shemeji yako anaanza mapema na kuacha kwa kuchelewa.

Sasa nikwambie jambo ambalo hadi leo linanifurahisha. Asidi ya butiriki hunuka siagi iliyoharibika, na ikizidi hunuka matapishi. Lakini ikiungana na ethanoli huzaa esta, yaani kitu kinachozaliwa asidi na alkoholi zikiungana, inayonukia nanasi! Ile alkoholi ya isoamili nayo, ikiungana na asidi ya siki, hunukia ndizi mbivu. Watengenezaji wa ramu wa Jamaika wameijenga kazi yao juu ya hilo: huacha molasi ichachuke kwa muda mrefu, huongeza mabaki ya mtambo yaliyojaa asidi, na bakteria hufanya yao. Ramu zao kali kabisa hufikia gramu 1,600 za esta kwa hektolita moja (lita 100) ya alkoholi halisi. Kwa asili zilikusudiwa kuchanganywa na pombe hafifu ili ziipe harufu. Leo wapo wanaozitafuta wazinywe hivyohivyo, na wanazisifu kwa harufu ileile ya gundi unayoikimbia wewe.

Kwa hiyo shemeji yako hasemi upuuzi. Kwa kanuni za Ulaya, alkoholi ya kutengenezea vodka lazima ifikishwe angalau asilimia 96, na hapo karibu kila harufu imeshaondoka. Wiski hairuhusiwi kufika asilimia 94.8, makusudi, ili nafaka iendelee kusikika. Na aliyezoea harufu fulani tangu ujana, akiikosa huona amepunjwa.

Hukumu yangu? Ladha nzito ya mwisho, kidogo tu, namkubalia. Inaipa pombe mwili. Kwenye gundi niko upande wako. Chembe yake huinua harufu ya matunda, lakini ikishawasha pua imezidi, na hakuna mazoea yatakayonishawishi vinginevyo. Asubuhi yake pia ina gharama: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 ulilinganisha bourbon, wiski ya Marekani, na vodka. Bourbon ina mara 37 ya vitu hivi vya harufu kuliko vodka, na waliokunywa bourbon waliamka na uchovu wa pombe mbaya zaidi.

Kuhusu moto, hapana, na hapa nakusihi umfikishie shemeji neno langu. Ethanoli huwaka bluu, na methanoli, alkoholi yenye sumu inayoweza kupofusha na kuua, huwaka bluu hafifu ambayo mchana huioni. Zikichanganyika, moto haukwambii kitu. Pua nayo haisaidii, kwa kuwa methanoli hunusika karibu sawa na ethanoli, na kumwaga pombe ya kwanza hakuiondoi yote. Molasi yenyewe hutoa methanoli kidogo sana. Matunda yenye pektini, ule ute unaogandisha jemu, hutoa zaidi. Vifo vya watu wengi kwa pamoja husababishwa hasa na mtu aliyeongeza methanoli ya viwandani kwenye pombe. Pombe ya namna hiyo inaweza kuwa haina harufu mbaya hata kidogo. Na ajue pia kwamba nchi nyingi zinakataza kukeneka bila leseni. New Zealand ni miongoni mwa chache zinazoruhusu.

Akitokea mtu aliyekunywa, halafu saa 12 hadi 24 baadaye akaanza kuona ukungu, kutapika, tumbo kuuma au kuhema kwa kasi, mpelekeni hospitali hapohapo na mseme wazi alichokunywa. Dawa ipo, lakini macho hayasubiri.